Somo, mume wangu amekuwa Mjerumani kuliko Wajerumani wenyewe

SWALI

Shikamoo Somo. Mi msomaji wako wa siku nyingi ila sijawahi kuandika, leo naandika manake maji yamenifika shingoni, na samahani kama itakuwa ndefu na haina mpangilio, niko kwenye treni natoka kazini na chaji inaisha.

Nina miaka 36, mtoto wa Tanga, Ngamiani barabara ya 9 kama unapajua. Mume wangu wa Muheza. Tuko Dortmund, Ujerumani, huu mwaka wa 8, yeye alitangulia mi nikamfuata na mtoto mkubwa akiwa na miaka 2, wa pili nimemzaa hukuhuku. Mkubwa nimuite Shabani (sio jina lake) ana miaka 10 yuko darasa la 4, mdogo wa kike ana miaka 5. Baba yao yuko kwenye bohari la mizigo, mi nasafisha vyumba hotelini.

Somo huyu mwanaume zamani alikuwa mtu wa watu, nyumba yetu ndo ilikuwa kijiwe cha Watanzania wote wa huku, Jumamosi unakuta viatu mlangoni kama msikitini. Shabani alipoingia darasa la 1 mwalimu akatuita akasema mtoto yuko nyuma kwenye lugha, jaribuni kuongea Kijerumani nyumbani. Basi. Toka siku ile akageuka. Kwanza Kiswahili kikapigwa marufuku mezani, afu ikawa nyumba nzima, nikimuita mtoto kwa Kiswahili baba yake ananiangalia kama nimetukana. Na hicho Kijerumani chenyewe anachowaongelesha Shabani anamkosoa, vile vineno vya Kijerumani vya mbele ya jina, der, die, das, baba anasema der mtoto anasema ni die baba, wanacheka na dada yake, mwenzangu anameza mate anaendelea.

Chakula cha usiku sasa hivi ni mkate wa baridi, jibini, na matango ya siki, kama wenyewe. Mi nikitaka wali wa nazi napika peke yangu kwenye kasufuria kadogo, Somo we ulishaona wapi mwanamke wa Tanga anapika wali wa mtu mmoja? Shuleni nilimfungia Shabani chapati na maharage akazirudisha hazijaguswa, anasema wenzie wameuliza kinanuka nini, baba yake akasema nilikwambia. Na mtoto sasa hivi kwenye timu ya mpira anajiita Ben. Baba kafurahi.

Jumapili moja dada mmoja wa Kigoma akaja na mwanae mchanga, hakutoa taarifa, kabonyeza kengele chini. Mume wangu akaongea nae kwenye kile kisimu cha mlangoni, akamuuliza una Termin? Yani miadi! Mi nikadhani utani. Nikaja kuchungulia dirishani namuona yule dada anasukuma kigari cha mtoto na mvua ile ya rasharasha, hajarudi tena mpaka leo na wala simlaumu.

Lililoniuma kuliko yote ni Ijumaa iliyopita. Mama kapiga video kutoka Tanga, nikamwambia Shabani mwamkie bibi. Mtoto hata kichwa hakugeuza, yuko kwenye gemu lake, akasema "Keine Lust", yani sina hamu. Mama yangu masikini akadhani kaamkiwa, akajibu marahaba mume wangu hujambo, akacheka kwa furaha kabisa. Nikaenda bafuni nikafungulia maji nikalia.

Sasa kuna fomu ya uraia iko mezani wiki ya tatu. Anasema toka sheria ya 2024 Wajerumani hawakulazimishi kuacha uraia wako, kwa hiyo tujaze wote wanne. Lakini kwetu si wanakufuta? Nina kiwanja Pongwe kwa jina langu nimekipalilia miaka 6 kwa hela ya kutandika vitanda vya watu, ndo niingie Tanga kwa viza kama mtalii? Nikimuuliza ananiambia tumekuja kwao, ukenda kwa wenye chongo vunja lako jicho, mhamiaji asiyefanana na wenyeji ataishi pembeni maisha yake yote.

Na mtoto sio kwamba mjinga, ana akili mno, hata mwezi wa tatu nilipoenda kwa daktari wa wanawake kwa ajili ya uvimbe yeye ndo alinitafsiria kila kitu, daktari mwenyewe alimsifu.

Hivi Somo ni lazima mtu akihamia kwa watu awe kama wao kwa kila kitu? Dada zangu kwenye grupu wananiambia likizo ya kiangazi nikate tiketi kimyakimya niende na watoto Tanga nisirudi, wakakae kwa bibi yao wapate akili. Nishauri mwenzio.

Mama Shabani, Dortmund

SOMO ANAJIBU

Marahaba mwanangu. Barabara ya 9 naijua kama kiganja changu, na Dortmund naijua pia, nimekaa Gelsenkirchen hapo jirani yako miaka 11, nimeosha wazee mpaka mgongo ukakataa ndo nikarudi kwetu. Kwa hiyo hapa hakuna wa kumdanganya mwenzie.

Nianze pale ulipopita mbio. Mambo ya mkate wa baridi umeyaandika kwa kirefu na mvua ya rasharasha nimeiona, lakini la daktari umeliweka mstari mmoja tena kama sifa. Mwanangu, mtoto wa kiume wa miaka 10 alikaa kwenye chumba cha daktari wa wanawake akasikia habari za kizazi cha mama yake, akatafuta maneno, akakwambia. Na kama daktari alisema jambo la kutisha, mtoto alilisikia kabla yako, akaamua akwambie vipi. We unaona akili, mi naona mzigo.

Afu jiulize na hili. Alikutafsiria kwa lugha gani? Si Kiswahili? Mtoto unayeniambia Kiswahili kimemtoka ndo huyohuyo aliyekupa habari za uvimbe kwa Kiswahili ukaelewa. Kwa hiyo lugha anayo. Ila ifikirie hiyo lugha kwake ina nini: kwa baba ni marufuku, na kwa mama ni kuitwa "Shabani njoo nisomee hii barua, Shabani muulize huyu anasemaje". Kiswahili kwake kimekuwa kazi. Kijerumani ndo gemu, mpira, na kumcheka baba. Ijumaa ulipomwambia amwamkie bibi alisikia kazi nyingine inakuja, we ungekuwa na hamu?

Kwa hiyo la kwanza ni lako wewe, sio la mumeo, na ntakusema kidogo uvumilie. Miaka 8 ni mingi. Serikali ya Ujerumani ina kozi ya kuwaingiza wageni, vipindi 700, kati ya hivyo 600 ni lugha na 100 ni sheria na historia na maisha ya kule, nenda Volkshochschule, yani shule ya watu wazima, ya mji wenu uulizie ya jioni au ya kina mama. Usiniambie kazi, najua kazi, mi nilikuwa nasoma kwenye tramu na kadi za maneno nimezifunga raba ya nywele. Kujua lugha ya watu sio kuwa mtu wao. Ni kumsikia daktari wako mwenyewe kwa masikio yako. Ni kusoma barua ya mwenye nyumba. Na Shabani yuko darasa la 4, mwaka huu walimu wanaandika pendekezo aende shule ya aina gani, Gymnasium, yani ile ya njia ya chuo kikuu, au nyingine, na mzazi asiyetokea kwenye kikao cha jioni cha wazazi anakuja kuambiwa mwisho yaliyokwisha amuliwa. Huko nenda hata kama utaelewa nusu, kaa mbele.

Unajua kwanini hiyo kozi ipo? Kwa sababu ya Waturuki. Oktoba 1961 Ujerumani Magharibi ilisaini mkataba na Uturuki kuleta vibarua, kama sisi Tanga tulivyoletewa manamba wa katani, na wazo lilikuwa lilelile, watachuma watarudi kwao. Mwaka 1973 wakafunga mlango wa kuleta wapya, waliokuwepo wakabaki, wakaleta wake zao. Hakuna aliyewafundisha lugha kwa mpango maana walihesabiwa wapitanjia, hizi kozi za serikali zimekuja kuanza 2005. Hesabu mwenyewe ni miaka mingapi hapo.

Mmoja wao nimemuosha mimi. Bibi wa Kituruki, alikuja bado msichana, akafunga vifaa vya umeme kiwandani mpaka vidole vikapinda, Kijerumani chake kilikuwa cha kiwandani na dukani basi. Uzeeni akapata ule ugonjwa wa kusahau, na nyie mliofanya kazi na wazee mnajua, lugha ya ukubwani ndo inayoondoka mwanzo. Akabaki na Kituruki tu. Alikuwa anasema "su, su", na muuguzi wa zamu ya usiku anamfunika blanketi, kumbe bibi wa watu anaomba maji. Binti yake alikuwa anakuja kila Jumamosi, kazaliwa hukohuko, kasoma, Kijerumani chake ukisikia redioni hujui kama ni mtoto wa Mturuki. Sasa mama anaanza kumsimulia jambo refu, mambo ya utotoni nadhani, anacheka, anarusha mikono, na binti kamshika mkono anaitikia "evet anne, evet anne", ndio mama, ndio mama. Tulivyotoka nje kuvuta hewa akaniambia sielewi hata nusu ya anachosema.

Mama alikosa Kijerumani, mtoto akakosa Kituruki, na wote wawili walikuwa wanapendana. Hiyo picha muoneshe mumeo usiku watoto wakilala, maana anakukimbiza wewe usiwe yule mama huku anamtengeneza Shabani awe yule binti.

Sasa tuje kwake. Kwanza methali yake kaikosea, au labda Muheza wanaisema hivo. Mi kwa bibi yangu nimesikia ukenda kwa wenye chongo FUMBA lako jicho. Najua wapo wanaosema vunja, lakini fumba na vunja ni vitu viwili mwanangu. Jicho la kufumba unafumba asubuhi ukitoka, unafika kazini kwa dakika na sio kwa "niko njiani", hutupi chupa kwenye pipa la vioo Jumapili maana jirani atatoka na bukta kukugombeza, unasema Guten Tag kwenye lifti kwa mtu ambaye hatakujibu, afu jioni unarudi kwako unalifumbua. La kuvunja halifumbuki.

Na asidhani anavunja kwa faida. Mwambie atembee hapohapo Dortmund asome majina kwenye kengele za nyumba, atakuta majina ya -ski kila mlango. Hao ni wajukuu na vitukuu wa Wapolandi waliokuja kuchimba makaa ya mawe huko Ruhr, ukanda wenu huohuo, karne ya 19. Walikuja na magazeti yao, mapadri wao, vyama vyao, na mwaka 1908 ikatoka sheria kabisa ya kubana mikutano isiyo ya Kijerumani. Schalke, timu yangu ya Gelsenkirchen (mumeo wa Dortmund atanuna, anune tu), ilikuwa inatukanwa kwamba ni timu ya Wapolandi kwa ajili ya wachezaji wenye majina kama Kuzorra na Szepan, na ndo haohao wakachukua ubingwa wa Ujerumani mara 6 kati ya 1934 na 1942. Leo hao wa -ski Kipolandi hawajui hata neno. Wameyeyuka. Na hapo mumeo atasema si umeona, imewasaidia, hakuna anayewauliza kitu! Kweli, hakuna anayewauliza. Kwa sababu mjukuu wa Mpolandi akikata jina akivaa koti haonekani tena. Shabani wetu akijiita Ben, akila jibini asubuhi mchana jioni, akisema der die das bila kukosea hata moja, bado siku moja kwenye usaili wa kazi kuna mama mzuri tu mwenye nia njema atamuuliza, lakini asili yako hasa ni wapi? Siku hiyo mtoto atahitaji jibu. Ndo mumeo anataka awe na jibu gani, "sijui, baba alikataza"?

Mimi simuoni mumeo kama mtu mbaya. Namuona mtu aliyeitwa shuleni akaambiwa mtoto wako yuko nyuma, akaona aibu, na mwanaume wa kwetu akiona aibu hasemi ameona aibu, anatunga sheria ya nyumba. Yule mwalimu inawezekana alisema kwa nia njema, lakini ushauri huo wa zamani siku hizi wataalamu wengi wa lugha za watoto wanausema kinyume, mzazi aongee na mtoto lugha anayoimudu, mtoto akiwa na lugha moja iliyonyooka ya pili anaipanda juu yake. Lugha ya der die das ya kubahatisha haimfundishi Shabani Kijerumani, Kijerumani anakipata shule na uwanjani, inamfundisha kwamba baba ni mtu wa kukosolewa. Mwambie hivo faragha, kwa upole, usimwambie mbele ya watoto. Baba akirudi kwenye Kiswahili ataanza kuchekesha tena, atasimulia habari za machungwa ya Muheza, atakuwa na mamlaka yake. Kwa Kijerumani hana hadithi hata moja.

Na akikwambia sheria ya kule inataka mfanane nao, muulize ni ipi. Katiba yao ibara ya 6 inasema malezi ya watoto ni haki ya asili ya wazazi. Ukitii sheria, ukilipa kodi, ukampeleka mtoto shule, serikali ile haina habari na kasufuria kako.

Kasufuria hako lakini katupe. Pika wali wa watu wanne, weka mezani pembeni ya huo mkate, usihutubie, kaa ule. Nazi ina harufu, itaongea yenyewe. Chapati na maharage za shuleni mwachie mtoto, mfungie mkate kama wenzie, vita vya chakula cha shule havina mshindi na mimi nilimpigania mwanangu mwaka mzima kwa ajili ya dagaa, nikashindwa, sa hivi ana miaka 27 anayaagiza mwenyewe kwa posta. Ben nae muache uwanjani. Tanga kila mtoto wa mpira ana jina la uwanjani na hakuna mama aliyeenda mahakamani. Ila akivuka kizingiti chako ni Shabani, hilo usilegeze.

La fomu. Hapa ndo mnachanganya mambo mawili, karatasi na utu. Unawajua Wamakonde wa Kwale, Kenya? Waliingia toka enzi za mkoloni kutokea Msumbiji kufanya kazi mashamba ya katani na miwa, wakazaa, wakajukuu, Kiswahili chao ukikisikia ni cha pwani kabisa, wamefanana na wenyeji kwa kila kitu, na hawakuwa na kitambulisho hata kimoja. Mpaka 2016 walipoamua kutembea kutoka Kwale kwenda kwa Rais Uhuru Kenyatta Nairobi, ndo mwaka uliofuata wakatambuliwa kabila la 43. Kufanana hakukuwapa karatasi. Na upande wa pili, karatasi haikubadilishi damu, kwa hiyo mumeo asiitumie fomu kama shahada ya Ujerumani na we usiiogope kama talaka ya Tanga.

Tufanye hesabu tu. Kwa sheria ya kule toka 27 Juni 2024 inatosha miaka 5 ya ukaazi halali, lugha ngazi ya B1, yani ya kati, mtihani wa maswali 33 upate 17, ada euro 255 kwa mtu mzima, na muwe mnajitegemea. Na uraia wako wa zamani hawauulizi. Wa kuuliza ni kwetu, Tanzania mtu mzima akichukua uraia mwingine kwa hiari yake wa kwetu unakufa, uraia pacha kwa watu wazima haupo. Mtoto anaweza kubeba yote miwili mpaka afike miaka 18 hapo ndo anatakiwa kuchagua. Kuna hadhi maalum kwa wenye asili ya Tanzania ambayo Bunge limepitisha, nayo inagusa mambo ya ardhi, kaulizeni ubalozini Berlin inawapa nini hasa kabla hujamkubalia mtu yeyote kuhusu Pongwe, na usisikilize ya grupu.

Na nani kasema lazima mjaze wote wanne? Yeye akitaka achukue, ana kazi ya kudumu, ni uamuzi wake. We baki na kitabu chako cha Tanzania na kiwanja chako, omba ukaazi wa kudumu, ambao nao unataka B1 kwa hiyo tunarudi palepale kwenye kozi. Nyumba moja pasipoti za rangi mbili zinakaa vizuri tu kwenye droo, nimeziona nyingi.

Mambo ya tiketi ya kimyakimya futa kichwani leo. Mnalea wote wawili, ukiwachukua watoto ukawahamishia nje bila ridhaa ya baba yao, kwa sheria ya Ujerumani ni jinai, na hao dada wa kwenye grupu siku ukisimamishwa uwanja wa ndege watakutumia emoji za kulia. Tena mtoto aliyepelekwa kwa bibi kama adhabu ataichukia Tanga yenyewe. Nendeni wote wanne, likizo ya kiangazi ni wiki 6 na siku kadhaa, baba yake ampeleke Muheza mwenyewe. Wiki ya kwanza Shabani atalia intaneti, ya pili atakuwa anacheza na watoto wa mtaa pekupeku, ya tatu utamsikia anagombana nao, na mtoto akishaanza kugombana kwa lugha ujue imeingia.

Mpaka hapo, mama yako mwambie ukweli. Usimlinde. Mwambie mama ile Ijumaa mumeo Shabani hakukuamkia, alisema hana hamu. We unadhani bibi wa Ngamiani ataambiwa mume wake mdogo hana hamu nae afu anyamaze? Atampigia simu usiku huohuo, mume gani wewe wa bure, mahari yangu iko wapi, natafuta mwingine, Shabani lazima ajibu, na ataanza kujibu kwa Kiswahili maana huwezi kumjibu bibi wa Tanga utani wake kwa Kijerumani. Hiyo ndo lugha isiyo kazi. Mwache bibi afanye, we kaa pembeni usitafsiri.

Kwa daktari kabla ya miadi inayokuja mtafute mtu mzima akusindikize, mwanamke, hata kama ni wa kulipia. Na mtu mwenyewe unaye, yule dada wa Kigoma. Mpigie leo muombe radhi, usimtupie mumeo lawama zote kwenye simu, afu mpe hiyo Termin aliyoulizwa mlangoni. Mwambie Jumapili, saa tisa alasiri, aje na mtoto. Na mumeo ndo ashuke chini kumfungulia na kumbebea kigari.